Mtutu unajaa madini na vichwa vinatua kwa ubavu: ugumu si dawa

Swali. Shikamoo mzee. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Maine, Marekani. Baba mkwe wangu ameacha uwindaji akanipa bunduki yake, Marlin 336 ya risasi za .30-30, ile ya wenzo, pamoja na vifaa vyote vya kujazia risasi. Nimemimina vichwa vya risasi kwa kalibu ya Lee ya uzito wa greni 170, madini ni linotaipu niliyopata kwenye kiwanda cha uchapaji kilichofungwa. Nikavipitisha kwenye dai ya .308, kifaa cha kuvibana viwe na kipenyo cha inchi 0.308, nikavivalisha kikombe cha shaba kitakoni na kuvipaka grisi. Risasi za mwanzo zinakwenda vizuri. Baada ya hapo zinatawanyika, na kwa yadi 50 nyingine zinatoboa karatasi kwa ubavu. Nikichungulia mtutu naona utando wa kijivu. Mwenzangu wa kilabu anasema madini bado ni laini, nikimimina nivitumbukize kwenye maji baridi viwe vigumu zaidi. Nifanyeje kabla ya msimu wa kulungu mwezi Novemba?

Jibu. Marahaba, kijana wangu, na hongera kwa zawadi. Mkwe anayekukabidhi bunduki na mtambo wa kujazia juu yake amekupokea nyumbani kweli kweli.

Mwenzako wa kilabu anakutakia mema, ila hapa amekosa. Linotaipu ni aloi yenye asilimia 84 ya madini ya risasi (lead), 12 ya antimoni na 4 ya bati. Kwenye kipimo cha ugumu cha Brinell inasoma karibu 22, wakati madini ya risasi matupu yanasoma 5. Hiyo uliyonayo ni miongoni mwa aloi ngumu kuliko zote anazozishika mmiminaji wa nyumbani. Kama ugumu ungekuwa dawa, ungeshapona zamani. Tatizo lako, kwa dalili zote ulizozitaja, ni kipenyo. Vichwa vyako ni vyembamba kwa mtutu huo.

Angalia kinachotokea. Baruti ikiwaka inageuka gesi ya moto mkali inayosukuma kichwa kutoka nyuma. Kichwa kikiziba mtutu sawasawa, gesi inabaki nyuma yake. Kikiwa chembamba, hata kwa sehemu moja ya elfu ya inchi, gesi inapenya ubavuni, inakwangua madini na kuyapulizia kwenye chuma. Huo ndio utando wako wa kijivu. Kichwa kinachofuata kinapita juu ya utando, nacho kinakwanguliwa zaidi, mpaka ile mifereji iliyochorwa ndani ya mtutu ili kukizungusha kichwa imejaa, na kichwa hakishiki tena mzunguko. Kisichozunguka vizuri hupinduka hewani, na karatasi inatobolewa kwa ubavu. Sasa ugumu unazidisha tatizo badala ya kulipunguza: aloi laini kiasi ikisukumwa na gesi hufutuka kidogo ikaziba upenyo, ila linotaipu haibonyei.

Namba .308 umeitoa wapi? Nadhani kwenye jedwali la vichwa vya dukani vyenye koti la shaba. Koti lina ukakamavu wake na halikwanguliki kwa urahisi, kwa hiyo .308 huko inatosha. Kichwa cha kumimina kinataka kuwa kipana kuliko mifereji kwa sehemu moja ya elfu ya inchi angalau, na katika Marlin ya aina yako mara nyingi mbili.

Marlin ya aina yako nina sababu ya kuitaja. Modeli 336 ilitoka mwaka 1948, na miaka michache baadaye kiwanda kikabadilisha namna ya kuchora mtutu kwa kuleta kile walichokiita Micro-Groove. Badala ya mifereji michache yenye kina, .30-30 ikapata 12 myembamba yenye kina kifupi. Tangu hapo watu wanarithishana maneno kwamba mtutu wa Micro-Groove haupigi vichwa vya kumimina. Unapiga, tena vizuri sana. Ila kwa kuwa matuta yake ni mafupi, hauvumilii kichwa chembamba hata kidogo. Winchester 94 ya zamani, bunduki nyingine ya wenzo yenye mifereji ya kina, ingeweza kukusamehe hiyo .308 kwa muda. Yako haisamehi. Kama bunduki ya mkwe ni ya miaka ya mwanzo kabisa huenda haina Micro-Groove, kwa hiyo chungulia mdomo wa mtutu uhesabu mifereji kwanza.

Halafu pima. Hapa ndipo ninapotaka utumie jioni nzima bila haraka, kwa sababu mengine yote yanategemea namba utakayoipata. Hakikisha bunduki haina risasi, kwenye chemba, pale risasi inapokaa ikipigwa, na kwenye bomba la chini linalohifadhi risasi pia. Bomba la Marlin linaweza kuficha risasi ya mwisho nyuma ya chemchemi iliyokwama. Fungua wenzo nusu, toa skrubu moja ya wenzo, uvute wenzo chini, kisha mtalimbo, chuma kinachofunga chemba, unateleza kutoka kwa nyuma. Kuna kipande kidogo cha kurushia maganda kitabaki kimelegea ndani, kiweke kwenye kisahani kisipotee. Sasa unauona mtutu moja kwa moja kutoka nyuma, neema ambayo mwenye Winchester 94 hana.

Safisha mtutu kwanza mpaka chuma kiwe kitupu. Chukua kipande cha madini ya risasi matupu, laini, kikubwa kidogo kuliko tundu. Timazi ya kuvulia samaki inafaa. Kipake mafuta, kigonge kiingie kwenye mtutu kwa nyundo ya mbao au ya plastiki, kisha kisukume kwa ufito wa shaba uliozungushiwa utepe. Usitumie chuma kitakachokwangua mtutu, wala mti mwembamba, maana mti hupasuka kimshazari ndani na kujikaza kama kabari. Sukuma polepole na usikilize mkono. Mahali pengine ufito utateleza kwa wepesi na mahali pengine utagoma, hasa chini ya mahali kilipochimbiwa kishikizo cha kulengea. Kipande kikitoka kitakuwa na alama za mifereji yote. Kwa kuwa mifereji ni 12, namba shufwa, mfereji unatazamana na mfereji, na unaweza kupima kutoka ukingo hadi ukingo. Pima kwa maikromita. Kalipa ya kawaida haina usahihi wa kukutofautishia .308 na .309, na tofauti hiyo ndiyo kesi yenyewe.

Tuseme umepata .3085. Basi unataka kichwa cha .310. Kabla hujaagiza dai mpya, angalia upande wa pili: chemba itakikubali? Chukua ganda ulilokwisha kulipiga kwenye bunduki hiyo hiyo, usilirekebishe, ujaribu kutumbukiza kichwa cha .310 mdomoni kwa vidole. Kikiingia kwa kuteleza, kuna nafasi ya ganda kufunguka na kukiachia. Kikigoma, usilazimishe, kwa sababu ganda lisilo na nafasi ya kufunguka hupandisha shinikizo.

Halafu kuna jambo ambalo wauzaji hawakuambii. Dai inapunguza, haiongezi. Kalibu yako ya Lee imeandikwa .309, na kichwa kinachotoka kinategemea aloi uliyomimina. Linotaipu ikipoa hupungua kidogo kuliko aloi laini, kwa hiyo vichwa vyako kabla ya dai yumkini vilikuwa vipana vya kutosha, kisha wewe mwenyewe ukavikata unene kwa ile .308. Ukihamia aloi laini, kama nitakavyokushauri hapa chini, kalibu ile ile itatoa kichwa chembamba zaidi. Mimina vichache kwa aloi mpya, vipoe, uvipime kabla ya kitu kingine chochote. Vikitoka .310 au zaidi, nunua dai ya .310 na safari imeisha. Vikitoka .309, una njia mbili: kununua kalibu nyingine, au kuvipaka rangi ya unga.

Rangi ya unga ni ile poda ya polyester wanayopakia vyuma vya mageti na baiskeli. Unatikisa vichwa ndani ya chombo cha plastiki pamoja na poda mpaka ishike, unavipanga kwenye trei, unavioka kama dakika 20 kwenye nyuzi 200 za Selsiasi. Tabaka lake huongeza kipenyo karibu sehemu mbili za elfu ya inchi, linakaa badala ya grisi, na linazuia madini yasiguse chuma moja kwa moja. Hata vile vichwa vyako vya .308 vinaweza kuokolewa kwa njia hii. Oveni yake iwe ya kazi hiyo tu, ikae banda la nje. Mimi binafsi bado napenda grisi ya zamani ya nta ya nyuki iliyochanganywa na kilainishi cha Alox, nusu kwa nusu, lakini sitabishana na mtu aliyepata matokeo mazuri na rangi.

Kwa nini nataka uachane na linotaipu tupu? Sababu ya kwanza ni kulungu. Aloi yenye antimoni nyingi namna hiyo ni ngumu na ni kavu: ikigonga mfupa inaweza kuvunjika, na ikipita kwenye nyama tupu inatoka upande wa pili bila kutanuka hata kidogo. Pua bapa ya kichwa chako inasaidia kufungua njia pana kuliko pua ya mviringo, lakini aloi yenye ulaini kiasi inasaidia zaidi. Sababu ya pili ni mfuko. Linotaipu ilitokana na mitambo ya magazeti ambayo haipo tena, na inazidi kuadimika. Changanya sehemu moja ya linotaipu na sehemu mbili za madini matupu: antimoni inashuka hadi asilimia 4, bati inabaki asilimia 1 na kitu, na unapata kitu kinachokaribiana na vile vizani vya zamani vya kusawazishia matairi, ugumu wa karibu 12. Kwa .30-30 yenye kikombe cha shaba, hiyo inatosha kabisa. Na shehena yako ya linotaipu imekuwa mara tatu.

Ukiokota vizani vya matairi vya kuongezea, chunga zinki. Madini ya risasi yanayeyuka kwenye nyuzi 327, zinki karibu 420. Ukiweka moto chini ya 400, vizani vya zinki vinaelea juu na unavitoa kwa kijiko. Vikishayeyuka humo, sufuria nzima inakuwa uji usiojaza kalibu.

Kikombe cha shaba umekiweka, vizuri, endelea nacho. Bila hicho usingetaka kupita kasi ya futi 1,400 au 1,500 kwa sekunde, ukiwa nacho,.30-30 inakwenda 1,800 hadi 2,000 bila malalamiko ikiwa kipenyo ni sahihi.

Sasa mdomo wa ganda. Hujaniambia unaufungua vipi, na hapo ndipo kazi nzuri ya kalibu huharibikia. Ganda lililopita kwenye dai ya vichwa vya koti lina shingo ya kubana. Ukikisukuma kichwa laini cha .310 humo, mdomo unakikwangua ubavuni, utaona kipete chembamba cha madini kinang'aa kimebaki nje. Pia shingo inaweza kukibana na kukirudisha kwenye .308 uliyoikimbia. Tafuta dai ya kutanulia ya Lyman, ile inayoitwa M, ya vichwa vya kumimina. Inafungua shingo kwa ngazi mbili, na kichwa kinakaa wima mdomoni bila kukwanguzwa. Kisha jaribu: pachika kichwa kwenye ganda lisilo na baruti wala praima (kiwashio cha baruti kilicho kitakoni mwa ganda), king'oe tena kwa nyundo ya kung'olea, ukipime. Kikitoka na kipenyo kile kile ulichokiingiza nacho, uko salama.

Kuubana mdomo si hiari kwenye bunduki ya aina hii. Risasi zako zinalala kwenye bomba, moja nyuma ya nyingine, chemchemi inazisukuma na kila mlio unazitikisa. Usipobana mdomo kwenye ule mfereji wa kichwa, kichwa kinazama ndani ya ganda na shinikizo linapanda. Ndiyo sababu ile ile inayotulazimisha pua bapa: pua ya risasi moja inagusa praima ya iliyo mbele yake, na pua yenye ncha ngumu inaweza kuipiga praima ndani ya bomba, chini ya mkono wako wa kushoto. Kalibu yako ina pua bapa. Ukija kununua nyingine, baki kwenye umbo hilo hilo; Lyman 311041 ni ya enzi na enzi na imetengenezwa kwa kazi hii hasa.

Urefu wote wa risasi usizidi inchi 2.550, na ganda lirekebishwe zima, si shingo peke yake, kwa kuwa mtalimbo wa Marlin umefungiwa kwa nyuma na maganda hurefuka kidogo kila yakipigwa. Tengeneza mbili tatu za bandia, bila praima wala baruti, uzipitishe kwa wenzo kutoka kwenye bomba hadi kwenye chemba mpaka uridhike.

Kiasi cha baruti sikupi, na usikichukue kwa mtu yeyote wa kilabu pia. Fungua kitabu cha vipimo kilichochapishwa, tafuta jedwali la vichwa vya kumimina vya uzito wako na baruti yako hasa, anza na kiwango cha chini kabisa, upande taratibu. Jedwali la vichwa vya koti si mbadala wake. Kikomo cha .30-30 ni shinikizo la psi 42,000 (pauni kwa inchi ya mraba), na kwa vichwa vya kumimina usahihi mara nyingi unapatikana chini sana ya hapo. Baruti nyingi za risasi za nguvu ndogo hazijazi ganda, na hapo mtu anaweza kumimina baruti mara mbili bila kujua. Panga maganda yote kwenye ubao, umulike tochi ndani ya kila moja kabla ya kupachika kichwa.

Kuhusu ule utando uliopo sasa: sugua kwa nyuzi za dodoki la shaba la kuoshea vyombo, zilizozungushwa kwenye brashi kuukuu ya mtutu. Lijaribu dodoki kwa sumaku kwanza, mengine ni chuma kilichopakwa shaba. Usisikilize anayekuambia upige risasi mbili za koti "zisafishe". Unazibana juu ya madini yaliyoganda na hujui shinikizo linafika wapi.

Kwa kulungu wa Maine, kichwa cha greni 170 kwa futi 1,900 kwa sekunde kina nguvu ya karibu futi-pauni 1,360 mdomoni mwa mtutu. Risasi ya dukani ya uzito huo kwa futi 2,200 ina karibu 1,830. Kwa hiyo chukulia yadi 100 kuwa mwisho wako, na ulenge mapafu, nyuma ya bega. Kwa misitu ya huko utaona wengi wanakaribia kuliko hapo. Jimbo litakuwa na kanuni zake za mwaka, zisome. Ukialikwa California acha hizi nyumbani, maana tangu Julai 1, 2019 hairuhusiwi kuwinda mnyama yeyote kwa risasi zenye madini haya. Na ukienda Tanga likizo, kagua mabegi: hata ganda tupu moja lililosahaulika mfukoni litakuchelewesha uwanja wa ndege.

Umetaja baba mkwe, basi una mke, na pengine kuna watoto. Usiyeyushie jikoni. Fanya nje au kwenye banda lenye hewa inayopita, usile wala usivute sigara ukiwa kazini, nawa mikono kwa sabuni na maji baridi, nguo za kazi zifuliwe peke yake. Kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, mwaka 2021 kilishusha kiwango cha kuangalia damu ya mtoto hadi maikrogramu 3.5 kwa desilita, yaani kidogo sana kinatosha kuleta wasiwasi. Mwombe daktari akupime na wewe kila mwaka. Na maji yasikaribie sufuria: tone moja likizama chini ya madini yaliyoyeyuka linageuka mvuke papo hapo na kurusha sufuria nzima juu. Hiyo ni sababu nyingine ya kutokuwa na ndoo ya maji baridi kando yako.

Nyama nayo ikatwe kwa upana kuzunguka tundu, iliyovilia damu itupwe. Mwaka 2008 maafisa wa North Dakota waliagiza maghala ya chakula cha msaada yatupe nyama ya kusaga ya kulungu iliyotolewa na wawindaji, baada ya vipande vya madini kuonekana kwenye picha za vipimo. Ile ya kusaga ndiyo yenye hatari zaidi, kwa sababu kipande kimoja kinasambazwa kwenye sinia zima.

Kama baada ya kubadilisha kipenyo bado utando unarudi, niandikie tena ukiwa na namba tatu: kipenyo cha mifereji, kipenyo cha kichwa kilichong'olewa kwenye ganda, na sehemu ya mtutu inayojaa, nyuma karibu na chemba au mbele karibu na mdomo. Ukijaa nyuma, bado tuko kwenye kipenyo. Ukijaa mbele, tutaangalia grisi.